Kizibao Namba Moja

Turubai lilishushwa saa tano asubuhi, mbele ya watu waliokuja kulia chini yake. Wanachama walikuwa wameanza kulifunga saa nne, mara tu habari ilipotoka hospitali kwamba Maige Ngosha, fundi seremala wa Mabatini, amefariki. Walikuwa wanapigilia kigingi cha saba wakati Obedi, katibu wa chama, alipoingia uani na karatasi mkononi, akamnong'oneza aliyeshika nyundo. Nyundo ikasimama. Kisha vigingi vikaanza kung'olewa kimoja kimoja, na wanawake waliokuwa wameketi mikekani wakabaki juani kama dagaa walioanikwa.

Modesta, mke wa marehemu, alikuwa ndani. Obedi hakuingia kumpa pole. Alimwita mlangoni akamweleza kwamba kamati ya Chama cha Kuzikana cha Tusiachane imepitia orodha, na jina la mumewe halimo. Asiye kwenye orodha chama hakimziki. Alisema anasikitika, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la kukatika kwa maji.

Modesta alimtazama mpaka Obedi akaanza kuikunja karatasi bila sababu.

"Obedi, nani alikuandikisha wewe katika chama hiki?"

Aliyemwandikisha alikuwa Maige. Watu wote uani walilijua hilo, hata wale waliokuwa wanang'oa vigingi.

"Mimi sina uwezo, Mama Selina," Obedi alisema. "Ni kompyuta."

Selina, binti yao wa pekee, alikuwa amesimama nyuma ya mama yake. Aliposikia neno hilo alijishika kwenye fremu ya mlango, fremu aliyoichonga baba yake, kwa maana programu iliyotoa orodha ile aliiandika yeye.


Maziko yalipangwa Alhamisi huko Bujora, Maige alikozaliwa. Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Bila chama hakukuwa na lori la kuwapeleka watu, wala masufuria, wala wachimbaji wa kaburi. Mtu aliyechonga majeneza yote ya Tusiachane kwa miaka kumi na miwili angesafirishwa kama gunia na kuzikwa na atakayepatikana.

Wanawake hawakuondoka. Walihamisha mikeka hadi kwenye kivuli cha ukuta, wakabanana, na kivuli kilipopungua wakakunja miguu. Waliokuwa wakipita barabarani walipunguza mwendo kutazama msiba usio na turubai. Mmoja aliuliza kwa sauti kama marehemu alikuwa na ugomvi na watu. Kisha akaenda zake akiwa ameshapata cha kusimulia.

Selina alikuwa na miaka ishirini na tatu. Mchana alifanya kazi katika duka la vifaa vya ofisini la Ishrat, akichapa barua na kutoa nakala; jioni alisoma kwa mwalimu Jonathan, aliyekuwa na chumba kimoja, meza nne na cheti chake mwenyewe ukutani, kikubwa kuliko dirisha. Huko alijifunza C, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Kama kazi ya mtihani aliandika programu ya kutunza orodha ya chama cha baba yake, na Jonathan akampa alama tisini na moja bila kuifungua.

Mwenyekiti wa chama, Shimba Kashindye, aliipokea programu hiyo kama mtu anayepokea bendera. Aliitisha mkutano, akavaa suti, akasema kwamba enzi ya daftari imekwisha, kwamba kompyuta haina undugu wala usahaulifu, na kwamba kuanzia siku ile orodha iliyochapishwa ndiyo ushahidi pekee wa uanachama. Watu walipiga makofi. Daftari la zamani Obedi alimpelekea mkewe anayekaanga maandazi, na kwa wiki mbili Mabatini ilikula maandazi yaliyofungwa kwa majina yake yenyewe. Hakuna aliyeona ajabu. Kulikuwa na kompyuta.


Ishrat alikuwa amefunga nusu ya milango ya duka kwa heshima ya msiba. Selina alipoingia akiomba kutumia kompyuta ya mpakato, Ishrat hakuuliza kwa nini binti wa marehemu yuko dukani wakati watu wako msibani. Alimwondolea ndoo iliyokuwa juu ya kiti, akawasha feni, akakaa kando na kalamu zake.

Selina alianza na faili la majina. Mstari wa kwanza kabisa ulisema Maige Ngosha. Wa pili ulisema Shimba Kashindye. Alihesabu mistari yote hadi sitini na nne, akihesabu na waliokufa, kwa kuwa katika Tusiachane marehemu haondolewi kwenye orodha. Kisha akaendesha programu. Orodha ikatoka na majina sitini na matatu, na la kwanza lilikuwa Shimba Kashindye.

Kwa hiyo jina lilikuwemo. Lilikuwa linaingia kwenye programu na halitoki.

Alimpigia simu mwalimu Jonathan. Jonathan alimpa pole ya maneno mawili, akauliza kama programu ilikompaili, yaani kama kompaila, ile mashine ya kugeuza maandishi ya mwanafunzi kuwa kitu ambacho kompyuta inaweza kukitenda, iliyapitisha maandishi yake bila kulalamika. Selina akasema haikulalamika.

"Basi iko sawa," alisema Jonathan, akakata simu. Alikuwa na darasa.

Yeye alikuwa amewafundisha hivyo miezi yote. Makosa yao ya kwanza yalikuwa ya aina ambayo kompaila huyapigia kelele: nukta mkato iliyosahaulika, mabano yasiyofungwa, jina lililoandikwa kwa herufi kubwa hapa na ndogo pale. Wanafunzi walisahihisha, kelele zikanyamaza, na Jonathan akaita ukimya huo kufaulu. Hakuwaambia kwamba kompaila ni kama karani mwenye kiburi: ukisahau nukta anakurudisha mlangoni, lakini ukimsahau baba yako anakugongea muhuri.

Selina alisoma mistari yake tena, kidole kwenye kioo. Alipofika kwenye kitanzi, yaani pale programu inapopita jina moja hadi jingine ikiyachapisha, aliona alichokuwa ameandika. Alikuwa ameiambia ianze na moja.

Katika lugha ya C, majina hukaa kwenye visanduku vilivyopangwa safu moja, na kisanduku cha kwanza huitwa sifuri. Cha pili ndicho kinachoitwa moja. Yeye alikuwa amehesabu kama watu wanavyohesabu, akaanza na moja, na aliyekuwa kwenye sifuri akapitwa. Namba za orodha zilifuata mpangilio wa kuchapishwa, hivyo kila aliyebaki akapewa namba ya aliyemtangulia.

"Umeipata?" Ishrat aliuliza.

"Nimeipata."

"Basi mbona unalia?"

Ishrat akachomoa waya wa kompyuta ukutani, akaukunja, akampa pamoja na kompyuta yenyewe.


Saa tisa alasiri Shimba Kashindye alifika uani. Hakuwa amevaa suti. Alivaa kizibao cha chama, cha kijani, chenye namba moja, kubwa na nyeupe, mgongoni.

Vizibao ndivyo vilivyoendesha Tusiachane. Kila mwanachama alikuwa na chake, na namba yake ya tangu siku ya kujiunga ilishonwa mgongoni, kwa sababu wanaoinama kaburini huonekana migongo tu. Katibu alisimama juu ya udongo akiandika namba za migongo, kisha akizilinganisha na orodha. Asiyeonekana aliosha masufuria ya msiba uliofuata. Aliyekufa alizikwa na kizibao chake, na namba yake hakupewa mwingine. Kanuni hiyo aliiandika Maige, aliyekuwa wa kwanza kujiunga kwa kuwa chama alikianzisha yeye.

Shimba alikubali kuketi. Alisema amekuja kwa ubinadamu, siyo kwa kanuni, maana kanuni haina la kuongeza. Selina alimwamkia. Shimba aliitikia marahaba akimtazama mtu mwingine.

Kompyuta iliwekwa juu ya kigoda, na watu wakasogea. Selina alieleza kosa lake kwa maneno machache. Alifungua programu, akafuta moja, akaandika sifuri, akahifadhi, akaiendesha. Akamwomba Obedi asome kwa sauti.

"Moja," Obedi alisoma. "Shimba Kashindye."

Kulikuwa na kicheko kimoja, cha Yakobo muuza mkaa. Selina aliendesha tena. Ikatoka Shimba Kashindye. Aliangalia mstari wake, sifuri ilikuwepo. Akaendesha mara ya tatu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba aliyokwisha kuambiwa kwamba mwenyewe hayupo.

"Binti," alisema Shimba, "mashine yako yenyewe imekataa. Sasa mimi nifanyeje, niipige?"

Alisimama, akajikung'uta suruali ambayo haikuwa na vumbi. Alimwambia Modesta kwamba chama kina moyo, kwamba watu wakitaka kuchangia kama majirani hawatazuiwa. Modesta alikuwa ameketi chini, miguu imenyooka, kanga begani.

Ndipo Selina alipokumbuka. Alikuwa amebadilisha maandishi, lakini hakuyapitisha kwenye kompaila. Aliyokuwa akiiendesha ni programu ya zamani, ile ya miezi minane iliyopita, isiyojua kwamba kuna kilichosahihishwa. Lilikuwa kosa la wiki ya kwanza, ambalo hata mwanafunzi mzembe kuliko wote wa Jonathan alishaacha kulifanya. Lakini huyo hakuwa na baba chumba cha maiti.

"Mzee, naomba dakika moja."

Alikompaili. Kompaila ikakataa: alipoandika sifuri kwa haraka alikuwa amefuta na nukta mkato iliyokuwa mwisho wa mstari. Aliirudisha. Ikapita kimya. Akaiendesha, akaigeuza kompyuta kwa Obedi bila kuitazama.

Obedi alisoma moyoni kwanza. Alimtazama mwenyekiti, akatazama kioo.

"Moja, Maige Ngosha. Mbili, Shimba Kashindye." Akashuka hadi chini. "Wako sitini na nne."

Shimba hakuketi tena. Alicheka puani.

"Asubuhi haimjui, alasiri imemjua. Tukiiacha hapa mpaka kesho itamjua na babu yake. Ndugu zangu, aliyeiandika ni nani? Ni mtoto wa marehemu. Mnataka chama kiongozwe na machozi ya mtoto?"

Watu walitazamana. Lazima isemwe kwamba wengi walianza kukubali. Ndiyo hao hao waliopiga makofi kwamba kompyuta haidanganyi; sasa walikuwa tayari kuamini kwamba inadanganya, ili mradi aliyesema ni yule yule. Watu wa namna hiyo ni wengi, na huzikwa vizuri.

Aliyezungumza ni Rose, fundi cherehani, mtu wa kizibao namba arobaini na moja. Alimtaka Obedi asome namba arobaini na moja.

"Rose Shigela," Obedi alisoma.

"Na kwenye karatasi yako ya asubuhi?"

Obedi alifungua karatasi. "Rose Shigela. Arobaini."

"Arobaini," Rose alisema. "Mgongoni kwangu pameandikwa ngapi, Obedi? Wewe si ndiye unayeandika migongo?"

Hakungoja jibu. Aliwageukia wanawake kwenye mikeka akawaambia kwamba katika misiba miwili ameosha masufuria kwa kutoonekana kaburini, na mara zote mbili alikuwa na udongo hadi magotini. Alipolalamika aliambiwa kompyuta haina undugu. Kizibao arobaini ni cha nani? Kilikuwa cha Yakobo, ambaye tangu ajiunge hajawahi kushika sepetu. Yakobo alikosa, orodha ikasema arobaini ni Rose, Rose akasugua masizi. Yakobo, aliyekuwa amecheka muda mfupi uliopita, alianza kutafuta kitu mfukoni.

Sasa kila mtu alivuta kizibao chake. Wa kumi na saba alijikuta wa kumi na sita kwenye karatasi. Wa hamsini alikuwa wa arobaini na tisa. Miezi minane kila mmoja wao alikuwa ameadhibiwa kwa uvivu wa jirani yake, akanung'unika, akaosha, na hata mmoja hakulinganisha mgongo wake na karatasi.

"Hayo ni makosa ya uchapaji," alisema Shimba. "Mimi kizibao changu kinalingana na karatasi. Moja na moja."

"Kinalingana," Rose alikubali. "Nilikishona mimi. Hebu geuka, mwenyekiti."

Hakugeuka. Hakuna haja, Rose alisema, kila mtu alishauona mgongo huo alipoingia. Lakini anayetaka asogee karibu aangalie kitambaa kando ya ile moja, ataona mashimo ya sindano. Kilikuwa na mbili. Miezi mitatu iliyopita, Maige alipolala na ugonjwa asiweze tena kwenda kaburini, mwenyekiti alikileta kizibao kwenye cherehani akasema afumue mbili ashone moja.

"Nikakuuliza, namba si huwa haibadiliki? Ukaniambia kompyuta imekupandisha. Nami mjinga nikafumua."

Obedi, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuwa jasiri, alipiga hesabu kwa sauti bila kukusudia. Kama moja kwenye karatasi ni mwenyekiti, na moja mgongoni ni Maige, basi makaburi yote aliyochimba Maige tangu kompyuta ije hadi alipougua yaliandikwa kwa jina la mwenyekiti. Akataka kuyarudisha maneno, lakini yalikuwa yamekwisha kutoka.

Shimba Kashindye alivuta kizibao chake kikae sawa. Kisha akasema kwamba kumbe ni hitilafu ya kiufundi. Hitilafu ya kiufundi ni jambo la kawaida, hata serikalini hutokea, na kamati inaipokea. Akawageukia wanachama akawaamuru warudishe turubai, kwa sauti ile ile ambayo angeitumia kulishusha, huku akinyoosha mkono kuonyesha vigingi vilipo, kana kwamba asingekuwepo yeye visingeonekana.

Wanachama walimtazama Modesta.

"Lifungeni," alisema. "Nguzo zake alizichonga Maige."


Jioni, watu walipokwisha kula na masufuria yakioshwa na Yakobo, Selina alipiga magoti mbele ya mama yake akaomba msamaha. Alisema kosa ni lake, tarakimu moja tu, na kwamba baba yake amekufa bila kujua kwamba mtoto wake alimfuta.

"Alijua," Modesta alisema.

Selina akamtazama.

"Siku walipobandika orodha alikwenda kuisoma. Akarudi akakaa hapo unapoona. Akasema, jina langu halimo, Shimba ndiye wa kwanza. Nikamwambia nenda ukaseme. Akasema mtoto anangoja majibu ya mtihani, nikienda kulalamika watamcheka, na mwalimu atasikia. Ataliona mwenyewe akishafaulu. Namba yangu iko mgongoni, alisema. Basi akaendelea kwenda kuchimba." Modesta alivuta kanga yake begani. "Ukafaulu. Halafu akaugua, tukasahau."

Alhamisi walimzika Bujora. Vizibao arobaini na tano vilihesabiwa kaburini. Cha Maige mwenyewe, cha kijani chenye namba moja, kilichofifia kwa jua na kufuliwa, kiliwekwa juu ya kifua chake kabla ya jeneza kufungwa. Jeneza lilinunuliwa mjini, na droo ya misumari kwenye karakana ya Maige haikuguswa. Fundi yeyote angeona kwamba pembe za jeneza hazikukaa sawa.


Wiki mbili baada ya matanga, Shimba Kashindye aliingia dukani kwa Ishrat asubuhi. Alimsalimu Ishrat kwanza, akauliza hali ya biashara, akasifu feni. Kisha akasogea kwenye meza ya Selina akashusha sauti. Alisema kamati imeona kwamba, kwa ajili ya usafi wa kumbukumbu, orodha mpya ianze na walio hai. Marehemu wapewe karatasi yao pembeni, kwa heshima. Walio hai wahesabiwe upya, kuanzia moja.

Selina aliuliza kama kuna muhtasari wa kikao. Mwenyekiti alisema muhtasari utafuata.

Selina alifungua faili la majina. Baada ya jina la kwanza aliongeza neno moja, akahifadhi. Safari hii hakukuwa na haja ya kukompaili, lakini alikompaili, kisha akaiendesha programu, akachapisha. Karatasi ilitoka ikiwa na joto. Aliishika kwa mikono miwili akampa, kama mtoto aliyelelewa vizuri.

Shimba alivaa miwani. Kidole chake kilianza juu.

1. Maige Ngosha, marehemu.

2. Shimba Kashindye.

Hakusoma zaidi. Aliikunja karatasi mara mbili, akauliza kwa upole mkubwa kama mashine haiwezi kufanya alivyoomba.

"Inaweza, mzee," Selina alisema. "Inaandika lolote inaloambiwa. Ndiyo maana mama yangu alikaa juani."

Mwenyekiti alitoka. Ng'ambo ya barabara cherehani ya Rose ilikuwa inalia. Alisimama kidogo ukingoni, kizibao chake kikiwa kimekunjwa chini ya kwapa ndani ya mfuko mweusi. Alitazama kushoto na kulia kuona kama kuna anayemjua, akavuka kuelekea kwenye cherehani.